Walisema Nimefungwa

Ushuhuda huu nimekwisha kuutoa kanisani, tena zaidi ya mara moja. Lakini pale mbele huwa naruka mambo mengi, kwa sababu wakwe zangu wanakaa benchi la pili na habari yenyewe ni ya tumbo, hewa na choo. Hapa nitaisema yote. Naiandika kwa ajili yako wewe ambaye labda unasoma ukiwa umeshika tumbo, au umekaa kando ya mkeka wa mgonjwa na hujui kama mngoje kuche au muwaamshe watu usiku huu huu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nakaa Makobola, kusini ya Uvira, pale barabara ya kwenda Baraka inapobanwa, mlima upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Ilikuwa mwaka 2024, miezi ile ziwa lilipopanda. Utakumbuka: maji yaliingia katika nyumba za Kalundu, pale Uvira, bandari ikawa ndani ya maji, na ng'ambo ya mpaka, kule Gatumba nchini Burundi, watu wakaacha nyumba zao. Sisi tulikuwa tumempokea dada yangu na watoto wake. Nyumba ilijaa. Usiku ilikuwa shida hata kupata mahali pa kukanyaga.

Jioni moja nilitoka shuleni, nikala fufu na ndagala, nikakaa kusahihisha madaftari. Tumbo likaanza kukata. Linashika, linaachia. Linashika tena. Mama yangu akapasha mawese, akanipaka kuzunguka kitovu huku anaomba kwa sauti ya chini, jinsi alivyotufanyia tangu utoto. Nikalala kidogo.

Kesho yake sikupata choo. Hilo halikunishtua, mimi tangu ujana choo changu ni cha taabu. Lakini tumbo lilikuwa linajaa. Mchana suruali ilikataa kufunga kifungo. Jioni hata singlendi ilinibana. Tena, na wakwe wanisamehe, nilitaka kujamba nikashindwa. Nilikaa, nikainama, nikalala ubavu. Hakuna kilichotoka. Hujui kwamba hilo nalo ni neema ya Mungu mpaka siku utakapolikosa.

Usiku wa pili nikaanza kutapika, na hapo nyumba nzima ikaingiwa hofu nyingine. Sisi wa pwani hii tunajua maana ya mtu kutapika usiku. Kipindupindu kilifika huku katika miaka ya 1970 na hakijawahi kuhama kabisa. Uvira mjini kila mtu ana ndugu aliyekiugua. Mke wangu akatenga ndoo, akaweka dawa ya klori, watoto wakapelekwa kwa jirani. Lakini mama akatikisa kichwa. Alikwisha kuuguza wengi wa kipindupindu. Akasema, “Hiyo inafungulia kila kitu. Huyu kila kitu kimefunga.”

Neno hilo likatoka nje ya nyumba. Kufika alfajiri lilikuwa limebadilika. Mama alisema kimefunga. Watu wakasema amefungwa. Wewe unayejua kwetu unaelewa tofauti yake. Kulikuwa na maneno ya kiwanja kati ya ukoo wetu na mtu mmoja ambaye sitamtaja, na sasa jina lake lilikuwa midomoni mwa watu hata kabla jua halijatoka. Baba mdogo alitaka nibebwe kupelekwa juu mlimani kwa mzee anayefungua watu. Shangazi yeye alitaka niingiziwe dawa ya majani kwa njia ya nyuma, ili, kama alivyosema, mlango usukumwe. Wote walinipenda. Nilikuwa nimelala pale katikati, nawasikia wanagombania tumbo langu, sina nguvu ya kusema ndiyo wala hapana.

Aliyekata shauri ni kaka yangu mkubwa. Yaya, kwa lugha ya kwetu. Akasema, “Kwanza kituo cha afya. Mlimani hapahami.”

Muuguzi wa kituo ni kijana mdogo, nilimfundisha dada yake. Alinilaza, akagonga tumbo kwa vidole, akasikiliza kwa chombo chake muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza: “Mwalimu, hewa mara ya mwisho imetoka lini?” Sikukumbuka. Aliposikia habari za dawa ya majani alimgeukia shangazi kwa heshima, akamwambia, “Mama, tafadhali, msimwingizie kitu. Wala asinywe ya kuharisha. Utumbo ukisukumwa wakati umefunga unaweza kupasuka.” Akaniwekea serumu, akaandika karatasi ya rufaa ya kwenda Uvira. Nilikuwa nasoma kichwa chini miguu juu, kama walimu tunavyosoma daftari la mwanafunzi aliyekaa mbele yetu. Okluzio.

Neno hilo nililijua, lakini kutoka kitabu cha sarufi. Kwa Kifaransa, sauti za p, b, t, d, k na g huitwa okluzivu: mdomo unafunga, hewa inasimama, halafu inaachiwa. Vitabu vya Kiswahili vinaziita vipasuo. Nikiwa pale kitandani, jasho linanitoka, akili ya ualimu ikanikumbusha majina yote mawili. Kufunga, na kupasuka. Nikajiuliza mimi nitapasukia wapi.

Kutwa nzima hatukupata gari. Pikipiki nilipandishwa mara moja, mbele ya kituo, nikapiga kelele wakanishusha. Giza likaingia. Barabara ina mashimo, ina vizuizi, na usiku hakuna dereva aliyekubali. Yaya akachukua tochi akashuka ufukweni.

Haukuwa usiku wa mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wa ndagala walikuwa wote majini na taa zao. Yaya alisimama kwenye mchanga akawasha na kuzima, akawasha na kuzima. Mtumbwi mmoja wenye mota ukageuka. Mwenyewe alimsikiliza, akatazama taa za wenzake, akawaambia vijana wake washushe nyavu mchangani. Usiku ule hawakuvua. Kwa watu wanaokula kwa walichovua jana, hilo si jambo dogo, na mimi sijapata namna ya kulilipa. Walikubali pesa ya esansi tu.

Sasa nifike pale ambapo kanisani huwa naruka.

Walinilaza juu ya mbao. Zilinuka samaki. Mke wangu alishika kichwa changu, yaya alishika chupa ya serumu juu. Mota ikaanza. Kila wimbi lilinipiga tumboni. Nilitapika. Kilichotoka kilinuka choo. Mke wangu alinusa. Hakusema kitu. Mimi nikaogopa. Nilihesabu taa za wavuvi. Nikapoteza hesabu. Nikaanza tena. Miguu ikawa baridi. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, najua zaburi kwa moyo, na usiku ule zote zilinitoka. Nilitafuta hata Baba Yetu. Haikuja. Likabaki neno moja tu. Huruma. Bwana, huruma. Nililisema mpaka likakosa maana. Nilisikia mke wangu analisema pamoja nami, kisha yaya, kisha kijana aliyeshika mota. Sikuwa na imani yoyote kubwa, ndugu. Nilikuwa na hofu. Nilimwambia yaya majina ya watoto wangu mmoja mmoja. Akaniambia ninyamaze.

Kalundu hatukutia nanga. Maji yalikuwa yamepanda hata mtumbwi ukapita kati ya kuta mbili za nyumba ya watu, juu ya uwanja wao, mpaka sehemu yalipokuwa magotini. Pale vijana wakanibeba. Gari moja likapatikana.

Hospitalini walinipiga radio, ile picha ya ndani ya mwili. Daktari aliishika picha kwenye mwanga: utumbo mpana, sehemu yake ya mwisho upande wa kushoto, umevimba umepanda hadi chini ya mbavu. Baadaye nilisikia wao huiita ishara ya punje ya kahawa, maana kitanzi kile kikijaa hewa kinaonekana na mstari katikati. Usiku ule hakunieleza hayo. Alikuja kando ya kitanda, akashika mpira wa serumu yangu, akaukunja kitanzi na kuusokota. Matone yakasimama. Akamwambia mke wangu, “Mama, angalia. Hakuna kitu kilichoziba ndani. Umejisokota wenyewe. Tunaita volvulusi. Choo hakipiti, hewa haipiti, na mishipa imesokotwa pamoja nao, damu nayo haipiti. Kisichopata damu kinakufa.” Akaachia mpira. Matone yakaanza tena. “Wakati mwingine tunausokotoa kwa kupitisha mpira kwa chini, bila kisu. Lakini ana homa, na nikimgusa anaruka. Hatuwezi kungoja.”

Mke wangu aliuliza swali moja: “Nani amemfunga?” Sikumlaumu, lilikuwa swali la nyumba nzima. Daktari akajibu bila kucheka. Akasema watu wengine huzaliwa na kipande kile kirefu kupita kawaida, kinaning'inia kwenye shina jembamba, na miaka ya choo kigumu inakirefusha zaidi. Huku Afrika wanaona ugonjwa huu mara nyingi kuliko wenzao wa Ulaya, hasa kwa wanaume waliokwisha kuwa watu wazima. Okluzio ina sababu nyingi, akasema: ngiri iliyokwama, makovu ya upasuaji wa zamani, uvimbe, na kwa mtoto utumbo kujimeza wenyewe au minyoo kujikusanya. Hakuna hata moja aliyoitaja yenye jina la jirani. Mke wangu akatia sahihi. Yaya akatoa damu.

Nilipoamka nilihisi kitu cha uvuguvugu ubavuni kushoto. Nikashika. Mfuko. Daktari alisema kipande kilikuwa kimekuwa cheusi, alikikata, na kwa kuwa ndani kulikuwa kubaya hakuthubutu kuunganisha siku ile. Ncha ya utumbo aliitoa nje, kwenye ngozi, choo kipitie hapo mpaka nitakapopona vizuri. Baada ya miezi wangeirudisha. Kolostomi.

Niligeukia ukuta. Ningeweza kuandika kwamba nilimshukuru Mungu kwa kuwa hai, na kanisani nasema hivyo. Ukweli ni kwamba nilitamani ningekufa mtumbwini. Mimi ni mwanamume wa makamo. Nitaingiaje darasani? Mke wangu alipokuja kunisafisha mara ya kwanza nilimshika mkono nikamzuia. Akautoa mkono wangu polepole. Akasema, “Miaka yote nimefua nepi za watoto wako. Hii ni nepi yako wewe. Lala.”

Sasa tukaanza kungoja. Utumbo ukishashikwa na mikono ya watu unazimia. Uko wazi lakini haufanyi kazi, na mpaka uamke huruhusiwi hata maji. Kila asubuhi daktari alipita na swali hilo hilo: “Gazi?” Hakuna. Kesho: “Gazi?” Hakuna. Chumba kizima kikaingia katika habari yangu. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Sange aliyemuuguza mwanawe mguu; kila akiamka aliuliza, “Mwalimu, bado?” Kwaya yetu ikaja, wakaimba, na mchungaji akaomba kwa maneno ya heshima, akisema Mungu afungue njia zote. Mama yangu hakuwa na subira na heshima hiyo. Alisema waziwazi, “Bwana, ajambe.”

Ilikuja usiku. Sauti ndogo, ubavuni, chini ya shuka. Mfuko ukajaa upepo. Nilikaa kimya, nikidhani naota, ikaja ya pili. Mama wa Sange akapiga vigelegele. Watu walioamka wakauliza nani kajifungua.

Miezi ya mfuko haikuwa rahisi, na kama wewe unaupitia sasa, nakuambia tu kwamba inawezekana. Mifuko yenyewe ni ghali na haipatikani kila siku. Mke wangu alishona mkanda wa kitenge wenye mfuko wa ndani, wa kushikilia ule wa plastiki usivutike. Alishona mitatu ili mmoja uwe juani, mmoja ndani ya maji ya sabuni, mmoja kiunoni. Niliporudi darasani, siku ya kwanza, katikati ya dikte, tumbo likatoa sauti ndefu. Kimya. Mtoto mmoja wa nyuma akaficha uso kwenye daftari, mabega yanatetemeka. Nikacheka mimi kwanza. Kisha nikarudia sentensi ya dikte, maana hakuna aliyekuwa ameiandika.

Katika miezi hiyo nilikuwa nakaa sana nyumbani jioni, na padri mmoja alinikopesha kamusi kubwa ya Kifaransa iliyokwisha kupoteza jalada. Nilitaka kujua hilo neno lililoniingia mwilini limetoka wapi. Okluzio ni la Kilatini, kutoka kitenzi cha kufunga. Ukoo wake ni mpana: ndimo inamotoka klotyure tunayofanya mwisho wa mwaka wa shule. Daktari wa meno analitumia kwa jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Wa moyo, wa ubongo na wa macho wanalitumia mshipa wa damu ukiziba. Hata wanaopima hali ya hewa wanalo, pale hewa ya baridi inapoifikia nyingine na kuinyanyua ile ya joto kutoka ardhini. Volvulusi nalo ni la Kilatini, la kuviringisha. La kale kuliko hayo ni ileusi, la Kigiriki, kutoka kusokota. Siku hizi madaktari hulitumia zaidi kwa ule utumbo uliozimia, niliokuwa nao nikingoja gazi. Katika vitabu vya Kigiriki vinavyohesabiwa kuwa vya Hipokrate, mgonjwa wa ileusi aliingiziwa hewa kwa nyuma kwa mvukuto, chombo cha mhunzi. Shangazi yangu alipoambiwa hayo alinitazama kwa ushindi mkubwa.

Lakini kuna jina moja ambalo liliniondoa kwenye kiti. Wafaransa wa zamani, kabla ya radio na kabla ya dawa ya usingizi, waliuita ugonjwa huu msokoto wa “miserere”. Ni neno la kwanza la Zaburi ya 51 kwa Kilatini. Ni la kuomba huruma. Waliuita hivyo kwa sababu maumivu yake yalimfanya mgonjwa asiwe na kingine cha kusema. Nilisoma pale, nikaifunga kamusi, nikamwita mke wangu. Nilimsomea. Tulikumbuka mbao, na kijana wa mota. Alikaa kitako mlangoni akalia, kilio ambacho usiku ule alikuwa amekizuia.

Yule mtu wa kiwanja alikuja kunisalimia. Alileta ndoo ya ndagala kavu. Alijua yote yaliyosemwa, nasi tulijua kwamba anajua. Mama akampa kiti, akaketi, akauliza habari za kidonda. Baba mdogo alikuwa amekumbuka kazi shambani. Habari ya kiwanja bado haijakwisha, iko mbele ya chifu, lakini tunaiongea kama kiwanja.

Kabla ya Septemba nilirudi Uvira, wakairudisha ncha ndani na kuushona ubavu. Safari hii daktari alipotoka akaiambia familia kwamba amefunga, wote walishangilia. Gazi ilichelewa tena kidogo. Ilipokuja haikuwa na mkanda wala mfuko, ilipita njia yake ya zamani, na sitaeleza zaidi, wakwe zangu nao wanasoma.

Hofu haijaniacha yote. Tumbo likikata usiku naamka, natembea uani, najipapasa. Mke wangu huuliza kutoka ndani, “Imetoka?” Mara nyingi imetoka. Mara moja ilichelewa hadi alfajiri, na tulikuwa tumekwisha kuvaa viatu.

Kwa hiyo wewe mwenye tumbo linalokata kwa vipindi, linalovimba, lisilotoa choo wala hewa, hata kama bado hujatapika: mimi nilichelewa kutapika, na ndani tayari kulikuwa kunageuka kweusi. Usinywe kitu cha kusukuma. Omba, na watu wako waombe, lakini muombe mkiwa njiani. Gari likikosekana shukeni ziwani na tochi. Na mkifika, kabla ya historia ya ukoo na ya kiwanja, mwambie muuguzi mambo mawili: choo cha mwisho ulipata lini, na hewa ya mwisho imetoka lini.